Tundu la Msumari wa Bati

Sikilizeni, wanangu, na wewe Prudencia sogeza kiti huku, maana pumzi yangu nimeipima tangu asubuhi nikaona inatosha kuyasema haya mara moja tu, hakuna ya kurudia. Jovinary, kaa hapo hapo miguuni pangu nikuone; miezi kumi na minne sikukuona, na leo sitaki ukae pembeni kama mgeni wa msiba.

Mambo ya mali ni mafupi, kwa sababu niliyaweka sawa nikiwa na nguvu. Kibanja cha Kamachumu, chenye kaburi la mama yenu Bernadetta, ni cha Jovinary, kwa mila yetu na kwa hiari yangu. Asikiuze, na migomba iliyo kando ya kaburi isikatwe kupisha njia ya gari. Nyumba hii ya Buhongwa ni ya Prudencia, na baada yake ni ya binti yake Kokulinda. Vitabu vyangu vya hesabu za majengo apewe atakayevisoma, na asipopatikana vifungiwe maandazi, sitaona uchungu. Hati zimo sandukuni chini ya kitanda, zimepangwa kwa tarehe. Hayo yamekwisha. Nilichowaitia ni paa.

Nilikuwa mkadiriaji majenzi miaka thelathini na minne, tangu nihitimu Chuo Kikuu hadi nilipostaafu. Nimehesabu matofali, nondo na mabati ya shule na zahanati kutoka Sengerema hadi Tarime, na hakuna mkandarasi aliyewahi kunifanya niandike kipimo cha uongo. Hata hivyo paa la sebule yangu mwenyewe, ambayo sikuwahi kuiwekea dari, limevuja misimu mitatu, na mtaa mzima umenisomea methali ya ufa na ukuta kana kwamba si mimi niliyeifanyia kazi maisha yangu yote. Wengine walisema mganga hajigangi. Wengine wakasema, na hili ndilo lililokuuma, Jovinary, kwamba watoto wa Mzee Mutayoba wamemtupa.

Sasa sikieni sababu. Mnakumbuka Prudencia alipokuwa amepanga kule Mkolani, chini ya mlima wa mawe, mvua ya masika ikaangusha ukuta wa nyuma, yeye na mtoto wakiwa ndani. Walitoka wazima, nikamshukuru Mungu, nikawaleta hapa. Lakini Koku, aliyekuwa na miaka miwili na nusu, kuna sehemu yake haikutoka mle ndani. Tangu siku ile, mvua ikigusa bati aliingia uvunguni mwa kitanda changu hiki cha sebuleni, akajikunja, akaziba masikio, na hakuna aliyeweza kumtoa mpaka jua liwake. Mama yake alikuwa kiwandani Nyakato akikata minofu ya sangara. Mimi mstaafu ndiye niliyebaki na mtoto.

Nilifanya kama nilivyofundishwa: nilipima kwanza. Mvua ya asubuhi inayotoka ziwani hudumu, kwa wastani wa mara ishirini nilizoandika, dakika themanini. Mtoto wa umri ule hukaa na mchezo mmoja dakika nane. Kwa hiyo nilihitaji michezo kumi kwa kila mvua, nami niliiandaa yote kumi. Nilimchanganyia maharage na karanga azitenganishe, nikachora kwa chaki vyumba vya kuruka sakafuni, nikashona mpira wa soksi, nikawa ng'ombe, nikawa mtumbwi, mtu mzima wa miaka sabini na mmoja natambaa kwa magoti huku tai ya kanisani imefungwa shingoni kama kamba. Alivitazama vyote kutoka uvunguni, kwa heshima, kama mtu anayesubiri mahubiri yaishe. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, ila nilikuwa nimehesabu muda, na kilichokuwa kinamtesa ni sauti.

Ndipo asubuhi moja ya vuli msumari wa bati ukalegea, na tone likadondoka katika sufuria niliyokuwa nimeisahau sakafuni. Likadondoka tena. Koku akatoa kichwa uvunguni.

"Babu, nani anabisha hodi?"

Nikasema ni mgeni, ametoka ziwani akapanda mawinguni, safari ndefu, na sasa yuko mlangoni. Akafikiri sana.

"Mbona humkaribishi?"

Akatoka. Kwa miguu yake mwenyewe, bati likinguruma, akaja akachuchumaa mbele ya sufuria, akaliambia lile tone shikamoo, maana aliona anayetoka mbali kiasi hicho lazima awe mkubwa. Kisha akangoja. Nikaona uso unaanza kurudi kwenye hofu kwa kukosa kuitikiwa, basi mimi nyuma yake nikaitikia kwa sauti nzito: "Marahaba." Wanangu, mtoto yule alicheka. Mvua ile ilidumu dakika tisini na tano, na hakurudi uvunguni.

Tangu hapo kila mgeni alipewa kiti chake: sufuria ya wazee, kopo la maziwa la watoto, bakuli la bati la wanakwaya. Tulisikiliza nani ana sauti gani, tukahesabu mpaka kumi, tukarudia. Na niungame kabisa: misumari miwili mingine niliilegeza mwenyewe, kwa koleo, juu ya ngazi, majirani wakiwa kanisani. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, nami kupona huko nimekuona kwa macho.

Ndipo ukaja wewe, Jovinary, na mabati yako na fundi Mayala. Ulisema kwa adabu, "Baba, nisitiri, watu wanasema." Nami niliona aibu. Niliogopa mtasema mzee amerudi utotoni, mkamchukua mtoto mkampeleka kwa watu wasiojua kuitikia. Nikaligonga bati lako kwa kidole mbele ya fundi, nikasema hili ni geji thelathini na mbili, karatasi tu, umepunjwa, rudisha. Lilikuwa geji ishirini na nane, bati nene na imara. Nilijua kwa mlio wake. Kipimo pekee cha uongo nilichotoa maishani nilimpa mwanangu mwenyewe, mbele ya mtu, naye akainamisha kichwa, akaondoka. Ulimi hauna mfupa, lakini ulikuvunja. Nisamehe, mwanangu... Usijibu sasa. Nipe maji.

Juzi hapa nililala hospitalini siku kumi na moja, na mvua ilinyesha mara nne. Kila mara nilitazama dirisha, nikahesabu dakika, nikamwona Koku uvunguni peke yake. Maumivu ya figo ni kitu kidogo kando ya hesabu ile. Nimerudi, Prudencia ananiambia kwamba hakuingia uvunguni hata mara moja. Kwamba wewe, Jovinary, ulikuwa umekuja, umekaa sakafuni, naye akakwambia, "Mjomba, toka hapo, umekalia kiti cha mgeni," na ukatoka, ukashika kopo. Kwamba alisalimia, ukabaki kumtazama, basi akajiitikia mwenyewe kwa sauti nzito, sauti yangu. Niliposikia hayo hofu niliyokuwa nayo tangu Mkolani iliisha. Nimepumzika, wanangu. Kama mnaona nacheka, si homa.

Sasa maagizo. Paa lote liezekwe kwa mabati ya Jovinary, yapo nyuma ya kabati, sikuyarudisha dukani. Aezeke Mayala, na kabla hajapanda aambiwe kuwa mzee alidanganya. Lakini liachwe tundu moja. Mita mbili na sentimita kumi kutoka mlangoni, mita moja na nusu kutoka ukuta wa kushoto, upana wa msumari, usizidi. Chini ni sakafu ya saruji, halitaharibu kitu. Litazibwa siku Koku mwenyewe atakaposema lizibwe. Si siku mtakayoona aibu ninyi.

Siku ya kunisafirisha kwenda Kamachumu, mvua ikinyesha, mmoja abaki naye ndani mpaka ikatike. Maiti hailowi... maiti haina haraka.

Mungu awape nyumba yenye watu. Awape subira ya dakika themanini. Prudencia, mikono yako isichoke. Jovinary, nimekubariki kwa mkono huu, uguse, ndiyo... baraka ya baba yangu iko humo pia.

Mnasikia? Ni bati hilo. Imeanza.

Mwacheni apite, mpisheni... Chukua sufuria ya wazee, Koku. Hapo. Vizuri.

Mtoto asijiitikie salamu yake mwenyewe, si desturi. Mimi sauti... haifiki.

Anasalimia. Jovinary, itikia wewe.