Aliyekuwa wa Mwisho Kutoka

Wazee wetu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imempa mdogo wake wa kiume kazi ya kuwasomea maisha ya dada yake, naye atayasoma kadiri sauti itakavyomruhusu, na pale itakapomkwama tunaomba mmvumilie.

Marehemu, ambaye nyumbani alikuwa Dada na kazini alijulikana kwa jina la Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Februari 1979, mtoto wa kwanza wa karani wa stesheni ya reli na fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili na stoo nyuma ya karakana. Kwa kuwa baba alihamishwa kutoka stesheni hii hadi ile, utoto wa Dada ulikuwa wa kufunga na kufungua mizigo, na safari moja, akiwa darasa la kwanza, familia ilifika ilikokuwa ikienda, ikashusha vitanda, masufuria na cherehani ya mama, ndipo ikagundulika kwamba paka wao alikuwa amefungiwa stoo kule walikotoka. Baba alituma salamu kwa dereva wa treni, jibu likarudi kwamba stoo ilifunguliwa na paka hakuonekana, na mpaka leo hakuna ajuaye alikokwenda. Tangu siku hiyo, kila familia ilipohama, Dada ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka, akipita chumba baada ya chumba, akimalizia stoo, akisema kwa sauti kwamba hakuna kilichobaki, huku sisi wengine tumekwisha kupanda lori tunampigia kelele kwamba anatuchelewesha.

Alisoma shule za msingi nne tofauti kuanzia mwaka 1986, akaenda sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 2003 akahitimu chuo kikuu shahada ya kompyuta, na mama alimshonea gauni la mahafali kwa mkono wake, ingawa lilikuwa refu mno na Dada alilikanyaga jukwaani mbele ya watu wote. Tarehe 2 Agosti 2004 aliajiriwa na hospitali, katika chumba cha mitambo kilicho chini kabisa, jirani na dobi, chumba chenye baridi kali mwaka mzima. Huko ndiko alikokuja mwalimu mmoja wa hesabu, amevimba kwa hasira kwa sababu majibu ya vipimo vya mama yake hayaonekani, Dada akayatafuta mpaka akayapata, na mwalimu akaendelea kurudi kuuliza mambo ambayo hayakuwa yamepotea. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 2005, wakajaliwa mabinti wawili, na mwaka 2017 akazaliwa kitindamimba, mvulana aliyeshika tabia za mama yake zote, na ubishi juu.

Kwa wasioijua kazi yake, hospitali ina kompyuta nyingi zisizo na mwili wao wenyewe, zinazoishi pamoja ndani ya mashine chache kubwa kama wapangaji, moja inatunza majibu ya maabara, nyingine dawa, nyingine picha za eksirei, na ipo programu moja inayowabeba wapangaji wote hao, wenyewe huiita jukwaa. Mwaka 2022 hospitali iliamua kuachana na jukwaa la zamani na kuwahamishia wote kwenye jingine, Dada akapewa kuiongoza kazi. Mwenzake wa zamu, mtu mzima aliyempita kwa umri, ambaye pale kazini kila mtu anamwita Mzee Fasta na leo amekaa hapa mbele, alitaka wahamishwe wote mwishoni mwa juma moja, lakini Dada alikataa katakata, akataka wahame mmoja mmoja, na mashine ya zamani ya kila mmoja izimwe tu, isifutwe, mpaka wanaoitumia waulizwe na waseme kwa midomo yao. Basi asubuhi manesi na wafamasia walizoea kumwona mlangoni ndani ya sweta la mumewe, akiwauliza, "Mmeamkaje na mashine yenu?" wakacheka, na jina la Taratibu likaanzia hapo.

Iliyogoma ni mashine ya maabara, mmoja wa wapangaji hao. Siku hiyo Dada alikuwa amechoka, Mzee Fasta akambembeleza waihamishe hivyo hivyo bila kuiandaa, ikafika upande wa pili ikashindwa kuamka, kwa sababu katika jukwaa lile jipya haikuitambua diski yake yenyewe, na majibu ya wagonjwa yote yalikuwa humo. Hakuna kilichopotea, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwapo, wakaiwasha, wakaiwekea, ingali bado kwake, programu ndogo ya kuitambua diski ya huko iendako, wakaihamisha tena, ikaamka bila shida. Mzee Fasta hupenda kusimulia kwamba Dada hakumgombeza, alisema tu kwamba walikuwa wameiondoa kabla ya kuiandaa.

Uchovu ule haukuwa wa kazi. Tarehe 21 Machi 2023 vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, na majibu hayo yalitoka katika mashine ileile aliyokuwa ameihangaikia. Dada alilia siku nzima, hatutaficha, alilia kwa uchungu na kwa hasira, kisha akafuta uso na kuanza kazi ya kuiandaa nyumba yake ingali bado na yeye ndani.

Alikaa juu ya kigoda jikoni, akajikataza kuinuka, akamwacha mumewe, shemeji yetu, apike, asuke nywele za mabinti, ajifunze dawa ya pumu ya yule mdogo inakaa wapi na inapulizwaje. Mwalimu anayeweza kukokotoa chochote aliunguza wali mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, na Dada alicheka mpaka akashika tumbo, na kucheka kwenyewe kulikuwa kunamuuma. Mwezi Januari mwaka huu alikuja kwa mdogo wake huyu anayewasomea, akakaa siku tatu simu yake ikiwa imezimwa kwa makusudi, aone kama nyumba itasimama bila yeye, na siku zote hizo alishinda ameishika simu ile iliyozimwa mkononi.

Aliporudi alikuta watoto wameshiba, wameoga, na nywele zimesukwa upande, isipokuwa kitindamimba hakuwa amelala kitandani kwake hata mara moja. Kila jioni kabla ya kulala, Dada alikuwa akipita vyumba vyote na kusema hakuna kilichobaki nje, na mtoto alidai kwamba baba anakosea, anaruka stoo. Dada alituambia kwamba vyote vimehama, bado huyu mmoja, na akakiri waziwazi kwamba anaogopa kuondoka kabla huyo hajahama. Ikawa jioni baba anatangulia, mama anafuata ameshika ukuta, baadaye mtoto akatangulia na wote wawili wakamfuata, mpaka miguu ya Dada ilipokataa akawa anasikiliza tu kutoka kitandani.

Alilazwa tarehe 28 Mei 2024. Mzee Fasta alikuja wodini mbio, kama kawaida yake, kumwambia kwamba mashine ya mwisho imehama na imeamka, Dada akamuuliza kwa sauti ndogo kama amewauliza wanaoitumia, naye hakuwa amewauliza, akarudishwa. Kesho yake alikuja na jibu kwamba wameamka vizuri, akamkuta hazungumzi tena, akamwambia hivyo hivyo huku amemshika mkono, nasi tunaamini alisikia. Dada yetu alifariki tarehe 6 Juni 2024, saa mbili asubuhi, mumewe akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliompunguzia maumivu waliposhindwa kuyaondoa, majirani waliokula wali ulioungua wakausifu, uongozi wa hospitali, na wenzake wa chumba cha mitambo, hasa Mzee Fasta, ambaye juma hili kwa mara ya kwanza tumemwona akienda polepole. Hatuwezi kuwataja wote, pokeeni shukrani zetu.

Leo asubuhi, gari likiwa linatusubiri, kitindamimba alikataa kupanda mpaka apite vyumba. Alitangulia, baba yake akamfuata, wakafika stoo, mtoto akasimama akauliza kama Mama hajafungiwa humo. Shemeji akafungua mlango, wakatazama wote wawili, wakasogeza ndoo, wakatazama na nyuma ya ndoo. Mtoto akafunga mlango mwenyewe, akasema, "Hayumo. Twende."

Pumzika, Dada, kwa amani, safari hii umetangulia wewe, na vyumba tumevipita vyote.