Mlinzi Anayemficha Mwizi

Mheshimiwa Mukhiya wetu Ramsagar Mandal, mkuu wa kijiji. Daktari Nuzhat, uliyekuja kutufungulia zahanati hii. Wazee na akina mama wa Belahi. Na wewe Bibi yangu Dulari, uliyekaa mbele ukanigeuzia bega: nawasalimu.

Nimeombwa nieleze ugonjwa wa kala-azar kwa kuwa nimesomea vimelea chuoni Patna. Nitaeleza, lakini moyo wangu uko hospitalini Darbhanga, alikolazwa mdogo wangu Punam. Homa ya ugonjwa huu ilimrudia, bandama likavimba hadi kitovuni.

Mwili huzaliwa na walinzi wake. Usubi, mdudu mdogo anayeeneza ugonjwa huu, akiuma na kupenyeza kimelea, walinzi hawangoji amri: chembe za kwanza za damu hufika mbio, hupigana, hufa, kisha huja chembe kubwa, zinazommeza mvamizi na kumyeyusha. Ndivyo tunavyopona mengi bila kujua. Lakini kimelea cha kala-azar hutaka kumezwa. Kikishaingia, huizima sumu ya mlinzi, huzaana humo humo, na mlinzi hukibeba hadi kwenye ini, bandama na uboho. Nani atamshuku mwizi aliye ndani ya askari?

Je, nyumba yetu ina tofauti gani na mwili huo? Mwaka jana wapulizaji walinyunyiza dawa ya kuua usubi kuta zote, isipokuwa chumba cha mungu wa ukoo. Bibi alisimama mlangoni.

"Hapa haingii mwanamume mgeni na mabuti yake."

"Mama, usubi hajui chumba ni cha nani," mpulizaji mmoja akamwambia.

"Na wewe hujui mlango ni wa nani. Shika njia."

Tulicheka sote. Lakini usubi hupenda ukuta wa udongo, giza na unyevu, na Punam ndiye huingia humo kila magharibi kuwasha taa.

Bibi, daktari amesema mwili wa Punam hautahimili kuugua tena. Kesho anamaliza matibabu, anarudi nyumbani. Wapulizaji wako nje, na jibu lako nalijua. Ila nimeyapima maneno yako, nikaona hukuikataa dawa, ulimkataa mgeni. Mimi ni binti wa nyumba. Nimefundishwa kutumia pampu, na Mukhiya ameniruhusu. Nitaingia peku, nimeoga, na madhabahu nitaifunika kwa sari yangu mpya. Ukuta ukishakauka, tusiusiribe tena hadi msimu uishe, maana udongo mpya hufunika dawa.

Unatikisa kichwa, Bibi, na ukingo wa sari uko machoni. Je, ni hapana, au ni machozi?

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunisikiliza. Sasa nashuka jukwaani, Bibi, nakuja hapo ulipo. Nipe ufunguo wa chumba.