Kikohozi Mara Mbili ku Mulango

Hapana, siku ile sikukunywa kitu. Ninaona ule mama wa kilemba ya manjano anafungua kinywa, njo ninamujibu mbele aulize. Macho yangu ilikuwa safi, kichwa yangu ilikuwa safi. Kama ningekuwa nimelewa, ningesema ni pombe. Pombe ilikuya kisha.

Présidente wetu aliniambia, "Mama, simama, utoe ushuhuda, lakini kwa ufupi." Munasikia namna anasemaka? Na pua. "Kwa u-fupi, mama, bamama beko na bukari ku moto." Usikasirike, présidente. Bale minaigaka njo bale minapendaka. Na yuu chama yetu ni ya kusaidiana ku bilio, na jana muliniuliza kama inafaa kuchekesha bantu ku kilio, nilisema nitasimama.

Wakati ile muji ilikuwa inaitwa bado Élisabethville, na shiye tulikuwa tunakaa mu kampi ya batumikaji ba mine ya shaba. Tulikuwa bamama tatu. Sitataja jina ya muntu. Wa kwanza minamuita Mama Kordeo, yuu alikuwa anapigaka accordéon moja ya zamani, yenye kukosa meno sawa miye leo. Wa pili minamuita Mama Kahawa. Baba yake alitoka ngambo ya Tanganyika, alikuwa anauzishaka kahawa mu cité. Ye njo alikuwa na sauti. Akiimba, hata mbwa inakaa chini. Wa tatu ni miye. Sikuyua kuimba, sikuyua kusoma. Nilikuwa tu na hii kinywa: muntu akipita, sauti yake inabaki na miye.

Tulianzia ku mulongo ya posho. Bamama banasimama na bitunga, banangoja bunga, juba inachoma. Nikamuiga capita, ule musimamizi mwenye kupima bunga: "Fungua kitunga. Fungua vizuri. Ule mutoto ni wa nani? Juma ilipita hakukuwa." Bamama bakacheka mpaka capita mwenyewe akageuka. Mama Kahawa akaweka ile maneno mu wimbo, juma yenye kufuata Mama Kordeo akaleta accordéon yake, na njo ilianza.

Kisha ile, kila ndoa banatuita, kila batisimu banatuita. Tulimuiga masœur wa misioni mwenye kutufundisha kushona: "Mes-dames, sindano haiko kijiko." Tulimuiga muzungu wa kampi mwenye kuangaliaka chini ya bitanda na fimbo: "Hapa iko bibi moja, kuku tano. Kuku iko na kitabu ya kampi?" Siku moja ule muzungu alisikia ku dirisha. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Kesho yake asubui alikuya kuhesabia kuku.

Lakini muntu mwenye tulikuwa tunaiga kupita bote ni bwana ya Mama Kordeo. Fundi wa mbao, musilimu, muntu wa Maniema, mupole kabisa. Akitoka ku kazi, hawezi kuingia tu mu nyumba yake. Anasimama ku mulango, anakohoa mara mbili, keh, keh, na anauliza: "Wenyewe muko?" Nyumba ni yake, bandugu. Mwenyewe ni nani tena? Nikimuiga, ye njo anaanza kucheka mbele ya bote, anajipanguza machozi na ile mikono yenye vumbi ya mbao.

Akakufa. Homa, siku tatu, basi. Balimuzika siku ile ile, vile dini yabo inataka. Mama yake alikuwa kule Maniema. Habari ilikawia kumufikia, akapanda bateau, akapanda train, na asubui yenye alifika, matanga ilikuwa inafika ku mwisho. Muzee mama, macho yake ilikuwa na ukungu, anaona tu mwangaza. Balimulalisha mu chumba ya ndani apumzike. Na Mama Kordeo alikuwa hakuli. Anakaa ku mukeka, anaangalia ukuta.

Sasa musikilize hapa, yuu kosa yangu iko hapa. Mama Kordeo ni wa bukowa, ule ukoo, ya Chui. Miye ni wa Mbuzi. Kwetu, Chui anakulaka Mbuzi, basi Mbuzi iko na ruhusa ya kumutukana Chui mpaka ku kaburi. Kukiwa kilio ya ba Chui, shiye ba Mbuzi njo tunakuya kuchekesha. Tunavaa nguo ya marehemu, tunatembea sawa ye, tunamuambia: "Ulikula mbuzi mingi, leo udongo inakukula weye." Benye kulia banacheka, na kisha kucheka banaweza kukula. Ni dawa. Hata leo ninaiamini.

Lakini Chui ni Mama Kordeo. Bwana yake haikuwa Chui. Kwabo habana ile bintu. Na Mama Kahawa aliniambia, pa jiko, akanifinya mukono: "Dada, kwa watu wake sivyo. Maiti haigizwi." Miye nikamujibu: "Alinichekaka miaka yote hii, atanikatalia leo?" Minabaambia, bandugu zangu, muntu akizoea kuchekewa, masikio yake inajifunga.

Nikavaa kofia yake. Nikazunguka nyumba, nikasimama ku mulango. Keh, keh. "Wenyewe muko?"

Bamama babili balianza kucheka. Na Mama Kordeo, ninaapa, mudomo yake ilitikisika. Njo pazia ya chumba ya ndani ikafunguka. Ule muzee mama alitoka miguu mutupu, mikono mbele. "Niko, mwanangu. Niko. Waliniambia uongo." Alikamata uso yangu. Akapapasa kofia. Akapapasa mashavu. Akafika ku herini.

Sauti ya bantu bote nilikuwa nayo, ile ya kwangu nilikosa.

Mama Kordeo alisimama, akaondosha kofia ku kichwa yangu. "Toka." Neno moja. Ile accordéon akaifunga mu kitambaa, na wimbo ya bamama tatu ikakufa.

Pale njo nilianguka. Ku posho bananiambia, "Mama, tuigie capita kidogo." Ninafungua kinywa, hakuna kintu. Nikaanza lutuku, ile pombe kali ya kupika ku nyumba. Kwanza ku kikombe ya chai, kisha ku chupa. Bwana yangu alisema, "Nilioa muke mwenye makelele, leo niko na jiwe yenye kunuka." Alikuwa na haki. Mvua ikaisha, mvua ingine ikaanza. Na kintu yenye ilikuwa inanikata roho haikuwa lutuku. Ule muzee mama hakurudi kwabo. Kila siku mangaribi alikuwa anakaa ku mulango ya Mama Kordeo na sahani ya mwana wake, inafunikwa. Bakimuambia alikufa, anajibu: "Mimi nilimusikia. Nyinyi mulimuzika nani?" Na ye mwenyewe alikuwa anakula kidogo sana, ya kuonja tu, yuu mama hawezi kushiba mbele ya mutoto kufika. Alibaki mifupa.

Siku moja, mangaribi inakaribia, Mama Kahawa aliingia kwangu, akamwanga chupa inje, akaniletea mayi ya kuoga. "Mulango yenye ulifungua, weye njo utaifunga. Oga."

Nilioga. Tulienda. Tulimukuta Mama Kordeo mu kiwanja, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga. Nikapiga magoti mbele ya kinu. "Ninaomba kuongea na mama-mukwe yako." Twa, twa, twa. Kisha akasema, bila kuniangalia: "Ukimufanya alie tena, nitakutwanga na hii."

Ule mama alikuwa ku mulango na sahani yake. Nikamuambia: "Mama, ni miye. Mbuzi wa kofia. Siku ile haikuwa mwana wenu, ilikuwa kinywa yangu. Munisamehe."

Aliweka sahani chini. Kisha akaweka vidole vyake ku mudomo yangu. "Fanya."

"Mama, siwezi."

"Fanya. Nataka nijue inatoka wapi."

Nikakohoa. Keh, keh. "Wenyewe muko?" Ile sauti ilitoka, kisha mwaka muzima, chini ya vidole vya mama yake. Nyuma yangu kinu ikanyamaza.

"Sasa aage," akaniambia. "Aliondoka bila kuniaga. Sema."

Nikasema, na sauti yake, pole pole, sawa vile ye alikuwa anasemaka: "Mama, miye ninaenda. Mubaki vizuri."

Bandugu, mbele ya kumaliza, muniache nishukuru, yuu kisha ile neno ya mwisho nitakaa chini. Ninashukuru ule mwenye kumwanga chupa yangu, Mungu amulalishe pazuri. Ninashukuru bwana yangu mwenye alilalamika lakini hakunirudisha kwetu. Ninashukuru Mama Kordeo mwenye hakunitwanga. Tuliimba tena, shiye tatu, mpaka bavijana ba kampi bakakuwa bakubwa, bakaleta batoto babo kutusikiliza. Na yuu ya ulizo yenu ya jana: muchekeshe, bamama, bantu banahitaji. Lakini mbele ya kuvaa kofia ya marehemu, muangalie mu chumba ya ndani kuko nani.

Ule mama aliondosha vidole vyake ku mudomo yangu. Akafunua sahani, akaigusa, akaisukuma kando.

"Basi, amekufa," akasema. "Hii imepoa. Nileteeni ya moto."