Umefunga, Mama Kulwa?

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na wale Wasukuma wenzangu tuliotoka pamoja Kishapu, mwangaluka! Mnanijua. Mimi ni Mama Kulwa, nauza mchele hapa Kalangalala, na ile sauti inayoanzisha nyimbo za kwaya ya akina mama ni yangu. Nalisema hilo kwa kujivuna na sitaomba radhi, maana leo nimesimama kujivunia alichokifanya Mungu ndani ya kifua hiki.

Ndugu zangu, nilikuwa nimekwisha. Nikipanda ngazi za kanisa hili nasimama kupumzika. Nikilala chali pumzi zinaniishia. Moyo mara unakimbia, mara unasita. Nikawa naimba nusu ya ubeti na kuwaachia wenzangu nusu nyingine, wao wakadhani nawapa nafasi wajifunze! Nilipopimwa kwa ultrasound juu ya kifua, nikaambiwa valvu moja ya moyo imesinyaa tangu homa za utotoni, damu haipiti vizuri. Nikapewa rufaa ya hospitali kubwa, mbali na Geita, ambako valvu ya namna hiyo hufunguliwa kwa puto dogo bila kupasua kifua. Nikashangilia. Kumbe kulikuwa na kipimo kingine kwanza.

Daktari wa huko alikuwa binti mdogo, aliyeniamkia shikamoo kabla hata ya kukaa. Akanieleza kwamba nitameza mpira mwembamba, wenye kidude cha ultrasound kwenye ncha yake. Njia ya chakula, alisema, imepita nyuma kabisa ya moyo, na kutokea huko mashine inaona vizuri kuliko kutokea mbele, ambako mbavu na mapafu yanaizuia. Nikamwelewa haraka. Mgeni wa sebuleni anaona vikombe vizuri tu, lakini anayeingia kwa mlango wa uani anaona nyumba ilivyo. Walitaka kujua kama kuna damu iliyoganda kwenye kona za moyo. Kama ipo, puto linaweza kuing'oa ikapanda kichwani, nikapata kiharusi palepale mezani.

Wala hakunificha hatari za kipimo chenyewe. Koo linaweza kukwaruzika, sauti ikakauka kwa muda. Jino linaweza kuvunjika. Mara chache sana njia ya chakula inaweza kutoboka, na hilo ni jambo zito. Dawa ya usingizi nayo inaweza kupunguza pumzi, ndiyo maana mtu anakaa karibu akikuangalia wakati wote. Akaniuliza kama huwa nakwama nikimeza, kama nina vidonda vya tumbo, kama nimewahi kutapika damu. Nilijibu hapana kwa yote, lakini akili yangu ilikuwa imebaki kwenye lile neno koo. Koo langu, ndugu zangu! Nikamwambia nitafikiri.

Mume wangu, Baba Kulwa, ni mchimbaji, na mnajua hana maneno mengi. Alinisikiliza nikilia mpaka nikanyamaza, kisha akasema, "Mimi nashuka duarani, chini shimoni, kwa kamba kila siku, na wewe unaniaga tu. Leo kamba inataka kushuka kwako, unakataa?" Nikacheka na machozi yangu. Nikakubali.

Sasa sikilizeni. Muuguzi aliniambia nije nimefunga. Kufunga! Neno hilo nalijua tangu nilipookoka. Nikawapigia akina mama wa maombi, nanyi nyote mkafunga pamoja nami. Na utaratibu wetu mnaujua: mgonjwa aliye kwenye mfungo anaruhusiwa uji mwepesi alfajiri, asije akaanguka. Nikanywa uji wangu kwa wifi yangu niliyefikia kwake, nikafuta mdomo, nikaenda hospitali nimenyanyua kichwa.

"Umefunga, Mama Kulwa?" muuguzi akauliza.

"Nimefunga, dada, mimi na kanisa zima."

Wakanilaza kwa ubavu wa kushoto. Kabla ya kunipulizia ganzi, yule daktari akaniuliza kwa namna nyingine: tangu jana usiku kuna chochote kimepita kooni? Nikamwambia uji tu. Wote wakasimama. Ganzi ikarudishwa mezani. Nami nikapandwa na hasira, nasema kweli. Mimi niambiwe sijafunga! Daktari hakupandisha sauti. Akavuta kiti, akakaa.

"Mama, kufunga kwenu ni kwa Mungu," akasema. "Kwetu huku ni kwa tumbo. Ukilewa dawa ya usingizi, huo uji unaweza kupanda ukaingia kwenye mapafu, tukakupoteza kwa sababu ya kipimo."

Nikawa mdogo pale kitandani. Nani alimtia yule binti wazo la kuuliza tena? Mimi namjua ni nani!

Kesho yake nilikuja tumbo tupu kabisa, hata maji ya kusukutua niliyatema yote. Ganzi ni chungu, msidanganywe. Mpira uliponigusa nyuma ya ulimi nilitaka kuutapika, lakini muuguzi akanishika bega akaniambia nimeze, nikameza. Baada ya hapo sikumbuki mengi. Nilipozinduka walininyima maji mpaka ganzi iishe kooni, na sauti yangu ilikuwa kama ya jogoo anayejifunza kuwika.

Na majibu? Damu iliyoganda ilikuwepo! Ilijificha kwenye kijifuko cha moyo, mahali ambapo kipimo cha juu ya kifua hakikupaona. Ndugu zangu, puto lingeingia bila kipimo kile, leo pengine mngekuwa mnanigeuza kitandani, kama si kunizika. Likaahirishwa. Nikarudi nyumbani na vidonge vya kuzuia damu isigande, nikavimeza hata siku nilizojiona nimepona. Walipoita nikaenda, nikaumeza ule mpira tena, bila kubembelezwa na mtu. Kijifuko kilikuwa safi. Puto likaingia, valvu ikafunguka. Na leo mmenisikia wenyewe nikiimba ubeti mzima!

Namjivunia Mungu wangu. Namjivunia binti yule aliyeuliza mara ya pili, na Baba Kulwa, na ninyi mliofunga. Na ndiyo, najivunia mimi mwenyewe, maana kufungua mdomo umeze si kazi ya mwoga.

Namalizia. Kuna dada humu ndani ana rufaa ya kipimo hichohicho. Simtaji jina. Juzi sokoni aliniambia haendi, anamwachia Mungu. Dada yangu, hata mimi nilimwachia Mungu, naye akanipeleka kwa daktari. Mtumaini, kisha waambie wale watu ukweli wote: meno yako, tumbo lako, na ulichokula. Jumatatu asubuhi nitakuwa stendi na mkoba wangu. Nitakaa nawe, na wakikuita ndani nitabaki mlangoni nikiimba. Sipandi gari mpaka nikuone unakuja.