Mwalimu Selestina Wanzagi na Mayai ya Bata

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kamunyonge na walimu mliotoka Bunda, karatasi hii inasomwa na Enoka, mdogo wake marehemu, mtu aliyelizunguka ziwa lote kwa meli, Kisumu, Bukoba, Mwanza, akichekesha kila bandari, ila leo hana la kuchekesha.

Mwalimu Selestina Wanzagi alizaliwa hapa Butiama tarehe 14 Machi 1926, akasoma shule ya misheni Musoma, na Januari 1947 akaanza kufundisha sayansi Bunda, akiwaeleza watoto wa wakulima wa pamba kwamba mamba hufukia mayai yake na kuyalinda, popo huruka lakini huzaa na kunyonyesha, na samaki furu wa ziwani huatamia mayai yake mdomoni, asile wala asifumbue mdomo mpaka vitoto viweze kuogelea.

Aliolewa tarehe 6 Agosti 1949 na Bwana Clementi Ngolo, wakakaa miaka minane bila mtoto, ndoa ikavunjika, akarudi nyumbani, na hapo ndipo Enoka, akiwa likizo, mbele ya wanywaji wa pombe waliojaa uani, aliposema, "Dada yangu anafundishaga mayai, lakini mwenyewe hatagi," watu wakavunjika mbavu, kumbe dada mtu amesimama mlangoni na birika la chai.

Marehemu alimimina chai, na asubuhi alimwekea kuku wake mayai sita ya bata, akamwita mdogo wake, akamwambia kuku hulalia ya kwake siku ishirini na moja, akiwekewa ya bata huongeza wiki nzima, wala haulizi ni ya nani, naye Enoka akauliza kama hao bata watawika, akacheka peke yake, akapanda basi.

Mwaka 1963, kwa mila yetu ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto humwoa mwanamke mwenzake amzalie, marehemu alitoa ng'ombe kumi na wawili, akamwoa Robi, wakapatikana Magige mwaka 1964, Miriamu 1967 na Nathanieli 1971, na kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa mwaka 1974 alipanda nao lori, kuku wake mapajani, lakini Enoka hakuja harusini, hakuja ubatizo hata mmoja, aibu ikijifanya kazi nyingi.

Februari mwaka huu, 1977, miguu ilianza kuvimba, figo zikashindwa, akalazwa Musoma, akaandika barua ya kumwita mdogo wake, barua ikamfuata bandari kwa bandari, naye akashuka bandari ya Mwigobero, Musoma, tarehe 10 Juni na doti ya khanga ya kuombea msamaha, dada yake akiwa amefariki jana yake saa nne asubuhi.

Leo wapo wa ukoo walioshauri sehemu ya watoto irukwe, eti marehemu hakuzaa, lakini Enoka anasoma kama ilivyoandikwa, marehemu ameacha mke, Robi, na watoto wake watatu, Magige, Miriamu na Nathanieli, simameni, wanangu, watu wawaone.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, walimu wenzake, na wanakijiji mliochimba kaburi.

Dada, furu hufumba mdomo kuwalinda walio wake, na mdogo wako amelielewa somo darasa likiwa limefungwa, khanga yako umefunikwa nayo, pumzika kwa amani ile ambayo mdomo wangu ulikunyima.