Kamera ya Kuhesabu Viboko

Bibi Evelina alikuwa amefumba macho ndani ya basi la Malinyi, ila masikio hakuyafunga. Kiti cha mbele, Violeth, mtafiti wa chuo kikuu, alikuwa amepakata kamera inayoona joto la mnyama hata akijificha kwenye matete. Pembeni yake aliketi mfugaji, Mzee Luhende, aliyepotelewa na ng'ombe mwenye mimba.

"Niazime leo tu, mwanangu."

"Baba, nimeshasema! Nchi ilikotoka kamera hii imetupa masharti. Waishike walioandikwa tu, tena kwa kuhesabu viboko tu. Chuo kimesaini. Nikikuazima, wanaichukua."

"Basi shika wewe, mimi nikuongoze."

"Kwa ng'ombe hairuhusiwi!"

"Kwani wana ugomvi gani na ng'ombe wangu?"

"Wanaogopa isije ikafika vitani."

"Vitani! Ng'ombe mwenyewe hata pembe hana."

Bibi alijikuta amefumbua macho, usingizi wenyewe ulikuwa wa uongo.

Basi likasimama Lupiro. Mzee akashuka na fimbo yake, akageukia dirishani. "Haya, kahesabu viboko wako. Ila ukiona mmoja mwekundu, ana kengele shingoni, huyo usimwandike. Namba yangu nimekupa, nipigie."

Basi likaondoka.