Mwenzetu Sudi Yu Hai

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wetu, akina mama mliowahi kivuli, na ninyi wananchi mliosimama mbali kuliko kawaida ya sherehe: sisi wanachama wa Kikundi cha Tujaribu Video tunawasalimu nyote kwa heshima.

KARIBU ZIWANI

Barabara umeiona mwenyewe, kwa hiyo hatutaisimulia. Umekuja kuzindua filamu yetu ya pili, na tunashukuru sana. Utuwie radhi mapema, maana risala hii itaizungumzia zaidi ile ya kwanza.

HISTORIA

Kikundi kilianza mwaka 2001. Katibu wetu ni Rozalia, binti wa mwalimu. Kamera tuliazimwa na Gaudensi, mpiga picha za harusi wa Chikongola, kwa zile siku ambazo hakuna anayeoa. Haikuwa na miguu ya kusimamia, tukaishika mikononi, na picha zote zikatikisika. Tulitaka kuacha. Rozalia akasema, "Kwani shida nini? Tuseme mkanda umeokotwa."

Hapo ndipo hadithi ilipopatikana. Vijana wanakwenda kupiga video kwenye shamba la mikorosho lenye laana, hawarudi, na kamera yao inaokotwa shambani. Mwenzetu Sudi Ismaili aliigiza kijana anayekufa na kuzikwa, kisha anaonekana akipalilia shamba la mchawi, kapakwa unga mwili mzima. Amekuwa ndondocha. Mgeni rasmi, kwa kuwa wewe si wa huku, ndondocha ndiye huyo mnayemwita msukule. Hali chumvi, hula pumba. Ulimi hukatwa, akabakishiwa neno moja au mawili tu.

Ili mambo yaonekane ya kweli, kila mmoja wetu alitumia jina lake mwenyewe. Tulijiona wajanja.

MAFANIKIO

Filamu ilifanikiwa kupita kiasi. Kwenye mabanda ya video wapo waliotoka mbio na kuacha viatu. Tulikuwa tumeweka na mwisho wake: Sudi anajifuta unga, anacheka, anakunywa soda, majina yanapita. Lakini kanda tulizodurufia zilikuwa fupi, na mwisho ule ukabaki kwetu. Tukasema si neno, hadithi imeeleweka.

Kumbe imeeleweka vingine. Ilipoonyeshwa hapa kijijini, Sudi alikuwa Lindi kwenye kibarua cha barabara, nasi wengine tulikuwa safarini tukiuza kanda. Majirani walimwita mama yake, Bi Asia, aje amwone mwanawe kwenye video. Alikuja amevaa kanga mpya. Akamwona anafukiwa.

Matanga yakawekwa, hitima ikasomwa. Nguo za Sudi ziligawiwa sadaka. Suruali yake moja tunaiona hapa leo, na aliyeivaa asihofu, hatuidai.

MATATIZO

Sudi aliporudi msimu wa korosho, watu walikimbia. Alipiga hodi kwa mama yake akasema, "Mama, nimerudi." Wazee wakasema hayo ndiyo maneno aliyobakishiwa. Bi Asia hakufungua, ila asubuhi alitoa nje ungo wenye pumba, bila chumvi. Tulipomwendea kumweleza, alitujibu nyuma ya mlango:

"Mwanangu nishamsomea hitima. Lakini hata huyo nimemzaa mie. Asilale na njaa, na msimpige mawe."

Hapo mwenzetu akafanya kosa. Alikaa barazani akaila ile pumba yote, maana chakula cha mama hakikataliwi. Watu walikuwa wanachungulia. Tangu siku ile hakuna aliyetusikiliza tena. Tulileta mkanda wenye mwisho wake, wakasema tumeutengeneza baadaye.

Sasa Sudi analala kwenye chumba cha kikundi. Kisimani akifika, watu wanamwaga maji waliyokwisha kuchota. Mposo wake ulirudishwa. Na Bi Asia, ambaye miguu yake haimsaidii tena, bado anautoa ule ungo kila asubuhi. Inatuuma, na tuna aibu. Laana tuliitunga sisi, mama wa watu ndiye aliyeangukiwa nayo.

MAOMBI

Katika rasimu ya kwanza tuliomba kamera na jenereta. Tumeyafuta, ingawa miguu ya kamera ikipatikana hatutakataa.

Tunaomba utakaposhuka jukwaani umpe Sudi mkono, na usiuondoe haraka. Tunaomba ule naye sahani moja. Ni muhogo na samaki, na chumvi iko pembeni ili watu waone anavyojitilia mwenyewe. Kisha tunaomba useme kwa kipaza sauti, kwa niaba ya Serikali, kwamba mtu huyu hakufa. Sisi tumesema mpaka tumechoka, na mwongo akisema kweli haaminiki.

Mgeni rasmi, huenda umejiuliza kwa nini watu walirudi nyuma msomaji aliposimama. Wao wanamjua. Msomaji wa risala hii ni Sudi. Tumemchagua kwa makusudi, na spika moja tumeielekeza kwenye ile nyumba ya makuti nyuma ya shule, kwa Bi Asia, ambaye hakukubali kuja. Wazee wetu, ndondocha wa maneno mawili tunamjua. Wa kusoma risala nzima mmempata wapi?

Kikundi kimeniruhusu maneno machache yasiyo ya kikundi. Mama, kesho usitoe ungo. Nitapiga hodi asubuhi, unifungulie tule ndani, na muhogo uutie chumvi.

Mgeni rasmi, Mungu akurudishe mjini salama, na kila aliye hai amfikishe kwao.

Ni sisi, Tujaribu Video, Ziwani.
Imesomwa na Sudi Ismaili, kwa ulimi wake mwenyewe.